Nani Atashika Kisigino

Jumapili, 9 Februari
Mwaka mmoja na miezi minne tangu niondoke

Mdogo wangu Chiriku,

Nakusalimu kabla vumbi halijanichafulia karatasi. Mimi ni mzima, ukiacha mgongo, na mgongo hapa hauhesabiwi kuwa ugonjwa kwa sababu kila mtu anao. Bado niko machimboni. Napasua mawe makubwa yawe madogo ili mashine iyafanye madogo zaidi. Kuna siku najiuliza jiwe limenikosea nini.

Picha yako imefika. Dereva wa lori la kokoto aliileta kwenye bahasha iliyolowa dizeli pembeni, lakini uso wako umesalimika. Umesimama wima na gauni lako jeupe na mkanda, na ile saa ya wauguzi imening'inia kifuani kichwa chini, kana kwamba anayeruhusiwa kuisoma ni wewe tu. Wenzangu wa bwenini waliipokezana mpaka nikaogopa itachakaa. Jirani yangu wa kitanda, ambaye tunamwita Sukari kwa sababu hana hata chembe yake, aliishika muda mrefu kuliko wote.

"Shemeji, huyu ni dada yako kweli, au umekata kalenda ya watu?"

"Usiniite shemeji."

"Nikuiteje, na mimi tayari nimeanza kuumwa?"

Bweni zima likacheka, nami nikacheka. Halafu nikaiweka picha chini ya godoro. Ukutani sikuweza, nakwambia ukweli.

Hongera kwa kuingia mwaka wa tatu. Neno hilo nimeliandika mara moja, naomba litoshe.

Sasa lililonifanya nishike kalamu. Mama ameniandikia, yaani yule fundi wa cherehani wa jirani amemwandikia, na kama kawaida yake ameongeza chumvi. Anasema mguu wa mama sasa uko mikononi mwako, kile kidonda cha juu ya kifundo. Unakuja kila Jumamosi na mkoba, unanawa mpaka viwiko, unamfunga bandeji. Mama anasema, "Sasa nina daktari wangu nyumbani."

Chiriku, kidonda kile nilikijua wakati wewe hujui kufunga kamba za viatu. Baba alipofariki nikaacha shule kidato cha pili, nani alichemsha maji ya chumvi kila asubuhi? Nani alikaa naye mlangoni juani, mguu umefunuliwa, mpaka kidonda kikauke juu? Daktari nilikuwa naitwa mimi, na kaptula yangu iliyotoboka. Kwa hiyo nauliza tu, kwa wema: wanawafundisha nini huko ambacho maji ya chumvi hayakijui?

Nimemwandikia na mama, barua yake peke yake.

Kaka yako.


Chuoni, 2 Machi

Kaka, shikamoo.

Barua yako ilinikuta nimetoka zamu, miguu imevimba kushinda ya mama. Lakini sijambo. Wenzangu wa chumbani wanakusalimu. Yule mrefu anauliza kama huyo Sukari anajua kupika. Nimemwambia hata kunyamaza hajui.

Umeuliza tunafundishwa nini. Mwaka wa kwanza tulifundishwa kutandika kitanda. Usicheke. Tulitandika mpaka pembe za shuka zikalala kama za bahasha, tena mgonjwa akiwa juu yake. Mgonjwa mwenyewe alikuwa wa plastiki, tukamwita Bwana Mkubwa, kwa sababu haongei na hasaidii. Sasa tuna wagonjwa wanaoongea, na wengine tunamkumbuka Bwana Mkubwa kwa mapenzi.

Mwaka huu wa mwisho kila mwanafunzi lazima amfuate mgonjwa mmoja wa muda mrefu, nyumbani kwake, tangu Januari hadi Agosti. Mwishoni mtahini anakuja kumwona huko huko nyumbani. Bila hilo hakuna stashahada, wala huitwi muuguzi. Niliomba nipewe mama. Mwalimu wetu wa vitendo hakutaka. Alisema mtu hamuuguzi mzazi wake, humlilia. Nikamjibu mimi silii. Basi akaja mwenyewe nyumbani, akamshika mama mguu, akatafuta mapigo ya damu mpaka karibu na vidole, akaona damu inashuka vizuri, ndipo akakubali.

Tatizo la mama si ngozi, kaka. Ni mishipa. Damu ikishuka mguuni haina nguvu ya kupanda, inatuama kama maji kwenye mtaro ulioziba, mguu unavimba, na kidonda kinakosa nafasi ya kufunga. Ukikikausha juu, chini kunabaki vile vile. Ndiyo maana kilikuwa kinafunga na kufunguka miaka yote. Dawa yake ni kuukaza mguu kwa bandeji, kuanzia vidoleni mpaka chini ya goti, na kuiacha wiki nzima bila kuigusa.

Chuoni tunaifanya wawili wawili. Mmoja anashika kisigino juu, mwingine anazungusha. Nyumbani niko peke yangu. Naweka mto juu ya kigoda, na kisigino juu ya mto, mguu unateleza, naanza upya. Mama ananiangalia, anasema, "Kaka yako angekuwepo angeshika."

Hapo ndipo nilipotaka kufika. Unasema ameniita daktari. Labda mbele ya fundi. Mbele yangu anasema kaka yako. Shati lako la bluu bado liko kwenye msumari nyuma ya mlango, na kila Jumamosi naambiwa nilifue lisishike vumbi. Nafua shati la mtu asiyelivaa. Nikiwa nimepiga magoti nazungusha bandeji, macho ya mama yako kwenye shati. Kama umeona wivu, pole. Foleni ni ndefu, na mimi nilitangulia kupanga.

Mdogo wako,
Chiriku.


30 Machi

Mdogo wangu,

Salamu nyingi, na kwa huyo mrefu pia. Mwambie Sukari anajua kupika maji tu, na huyaunguza.

Mvua imejaza shimo la machimbo. Tumekaa bwenini tukitazamana, na msimamizi wetu anapita na filimbi yake mdomoni kana kwamba akiipuliza maji yataondoka. Ndiyo maana barua yako nimeisoma mara nyingi kuliko nilivyopanga.

Umeeleza vizuri. Umeeleza vizuri mno. Mishipa, damu kutuama, mtaro kuziba. Nilikuwa nasoma kama mtoto anayesomewa. Unakumbuka mwalimu wa sayansi alivyokuja nyumbani kumwambia baba kwamba katika nyumba hii mimi ndiye nitakayevaa nguo nyeupe? Hukumbuki, ulikuwa mgongoni kwa mama. Basi nguo nyeupe ninayo. Ni vumbi la mawe. Jioni nikinawa linatoka usoni, kwenye nyusi linabaki.

Kuhusu shati, usilifue. Nani amekulazimisha?

Na mguu uliokazwa wiki nzima unapumulia wapi? Nauliza tu. Mama ni mtu mzima, atajua lililo jema kwake.

Kaka yako.


Chuoni, 27 Aprili

Kaka, shikamoo. Natumaini u mzima. Mimi ni mzima. Salamu zimeisha.

Alhamisi zamu yangu ilibadilishwa, nikaenda nyumbani siku ambayo sitarajiwi. Nikakuta bandeji zangu zimeanikwa kwenye kamba, zimekatwa vipande, na kimoja kimefungiwa mche wa nyanya uliokuwa unalala. Mama amekaa mlangoni, mguu ndani ya beseni la maji ya moto ya chumvi. Umevimba mpaka gotini, unang'aa kama chungu kipya.

"Mama, nani amefungua?"

"Mimi mwenyewe."

"Tangu lini?"

"Tangu barua ya kaka yako."

"Mbona kila nikija nakukuta umefungwa?"

"Ijumaa jioni fundi huja kunifunga, ili usiudhike."

Fundi wa cherehani, kaka. Alikuwa anamfunga mama mguu kama anavyopinda suruali. Mimi Jumamosi nikifika naona bandeji imelegea, nadhani ni kwa kutembea. Naona kidonda hakipungui, najilaumu. Tangu mwanzo wa Machi sijalala vizuri, nafungua kitabu, nafunga kitabu, najiuliza mkono wangu unakosea wapi.

Nilimwendea. Akaitoa barua yako kwenye droo ya cherehani, akavaa miwani, akanisomea kwa sauti yake ya matangazo. "Mama, usikubali kufungwa mguu kama mzigo wa kuni. Mguu ni kitu hai, unataka jua na maji ya chumvi kama nilivyokuwa nikikufanyia. Mtoto anajifunza, na mtoto hujifunza kwa kukosea. Asikosee juu yako."

Nikamuuliza ameongeza nini.

"Hii sikuongeza kitu," akasema. "Ilikuja na chumvi yake ya kutosha."

Kidonda kilikuwa kama kiganja cha mtoto. Sasa ni kama kiganja changu, na kinanuka. Mwalimu amekiona. Amesema kikiendelea hivi mama atalazwa, na kikifika kwenye mfupa hatutazungumza tena habari za kidonda, tutazungumza habari za mguu. Mimi nami, kisipopungua kufikia Agosti, sitamaliza na wenzangu. Lakini hilo liweke pembeni. Mimi naweza kurudia mwaka. Mama hana mguu wa kurudia.

Nimemfunga upya. Nimemweleza mpaka sauti ikanikauka. Ameitikia "ndiyo mwanangu" kwa ile sauti nyepesi unayoijua, na najua nikigeuka atafungua. Neno langu kwake ni neno la kitindamimba, la kuchekea. Lako ni la kifunguamimba. Nimekaa siku nzima nikitafuta njia ya kulikwepa hili, nimeikosa.

Mwandikie. Mwambie asifungue. Sitaki uniombe radhi. Andika tu, mpe dereva.

Chiriku.


Chuoni, 8 Juni

Kaka,

Sikujua kama u hai. Dereva wa lori amepita mara mbili, anasema alikuuliza kama una barua ukatazama pembeni. Kwa hiyo u hai.

Mama amelazwa tangu Jumatano. Homa. Ni wodi ile ile niliyopangiwa zamu, kwa hiyo nampitia na toroli kama ninavyowapitia wengine. Jana alikuwa anamwambia wa kitanda cha pili, "Huyu nesi unayemwona, ni mdogo wa mwanangu."

Mdogo wa mwanangu. Ndicho cheo changu. Nikampima joto, nikaandika, nikasogea kitanda kingine.

Sindano zinamsaidia na homa inashuka. Mguu umefungwa vizuri, kwa sababu hapa hathubutu kufungua mbele ya dada mkuu wa wodi, ambaye hata madaktari wanamwogopa. Lakini wiki ijayo anarudi nyumbani, na nyumbani hakuna dada mkuu. Kuna fundi na beseni.

Sina la kuongeza.


22 Juni

Mdogo wangu,

Barua yako hii imenifikia juzi. Ile ya Aprili ninayo mfukoni tangu Mei, imeanza kukatika kwenye mikunjo. Nakusalimu, ingawa sijui kama utapokea.

Nitakwambia kilichonifunga mkono. Nilipoisoma ile ya Aprili, pale unaposema kidonda kimeharibika, nilifurahi. Nilifurahi kabla sijakumbuka ni mguu wa nani. Lilikuwa jambo dogo, kama mtu anavyotabasamu akiona mwenye viatu vipya amekanyaga tope. Kisha nikakumbuka, na chakula kikanishinda. Tangu siku hiyo kila nikiandika "Mama, usifungue", naona nimeandika "Mama, miaka yote ile sikuwa nafanya kitu". Nikachana. Nikaandika tena, nikachana tena. Dereva alipouliza, ningempa nini? Vipande?

Sukari aliniona. Hajui kusoma, lakini karatasi iliyochanwa anaisoma vizuri.

"Unamwandikia mwanamke?"

"Mama yangu."

"Mama hachaniwi. Mwambie tu."

"Nimwambie kwamba nilikosea?"

"Kwani wewe kazi yako si mawe? Nani alikudanganya kuwa unajua miguu?"

Nilitaka kumpiga. Kisha nikaona nikimpiga nitabaki na swali lile lile, na mkono unauma.

Wivu ninao bado, usidhani umenitoka. Hapa ninapoandika najua umesimama kwenye sakafu iliyopigwa deki, mtu anakuuliza "hiki ni nini?" na unamjibu, na anaondoka amefarijika. Mimi hapa naulizwa "mbona umesimama?" Hilo tu. Na ukiniambia mama anatazama shati, mimi nasikia kwamba wewe ndiye uliyepiga magoti mbele yake, nami niko kwenye msumari. Sijui nani kati yetu amepata. Naona kama kila mmoja ameibiwa na mwenzake.

Ndani ya bahasha kuna barua ya mama. Usimpe fundi. Msomee wewe, na ukifika mahali pa kukuchoma usiruke. Ni hii:

"Mama, shikamoo. Pole na homa. Ile bandeji usiifungue. Nilikwambia uifungue kwa sababu niliona kidonda changu kimechukuliwa na mtu mwingine. Maji ya chumvi yalikuwa ya mtoto ambaye hakuwa na kitu kingine cha kukupa. Chiriku anacho. Akikufunga, kaa hivyo mpaka afungue yeye, hata ukiwashwa, hata fundi akisema nini. Ukikaa, mguu uweke juu. Na usiseme ndiyo mwanangu kisha ufanye lako, nakujua. Ukitaka kunitii mimi, mtii yeye. Mwanao."

Hii sijaichana. Nampa dereva sasa hivi, kabla sijaisoma tena.

Kaka yako.


Chuoni, 14 Septemba

Kaka, shikamoo. Marahaba nimejiitikia mwenyewe kwa niaba yako, maana lori halina haraka.

Mama nilimsomea. Sikuruka. Pale penye "kidonda changu" alicheka, akajifuta macho, akaniambia nianze tena mwanzo. Tangu siku hiyo hajagusa hata uzi. Fundi alipita kumjulia hali, akasema naona mguu umebanwa sana huo. Akajibiwa, "Mwanangu amesema." Fundi hana tena kazi ya Ijumaa jioni. Nadhani imemuuma, alianza kujiona mganga.

Mtahini alikuja mwisho wa Agosti. Mwanamke mwembamba, ukimpa kiti anakitazama tu. Nilinawa, nikapiga magoti, nikaweka kisigino cha mama kwenye kigoda. Nikafungua ya zamani, nikasafisha, nikaanza kuzungusha mpya. Kisigino kikateleza. Nikarudia. Kikateleza tena. Jasho likanidondoka kwenye bandeji. Mtahini aliinama akakitazama kidonda. Kimekuwa kama ukucha wa kidole gumba, kaka, na pembeni kuna ngozi mpya laini.

Akamuuliza mama, "Miezi hii miwili hujaifungua mwenyewe hata mara moja?"

"Hata moja."

"Wagonjwa wengi hufungua. Nani alikuelimisha hivi, mama?"

Mimi nimeinama pale chini. Nasubiri nitajwe.

"Mwanangu."

"Huyu hapa?"

"Hapana. Yule mwenye shati." Akaonyesha msumari nyuma ya mlango.

Mtahini akalitazama shati. Akanitazama mimi. Akaandika kitu.

Nimefaulu. Kwenye maoni ameandika kwamba mwanafunzi ana kipaji cha kuishirikisha familia ya mgonjwa. Mimi, kaka. Mimi niliyetaka kuikata familia hii vipande niianike kwenye kamba. Amenipunguzia alama kwa kisigino. Amesema kazi hii ni ya mikono minne, na muuguzi asiyejua kuomba mikono miwili ya mwenzake bado hajamaliza kusoma.

Shati nimelifua. Kwa hasira, lakini ni safi.

Kuna jambo moja sijamwambia mama. Januari tunapangiwa vituo, na waliomaliza kabla yetu wamepelekwa mbali. Kidonda kitafunga, lakini ile mishipa haitarudi kuwa mipya. Mguu utahitaji kukazwa maisha yake yote. Nikiondoka, sijui utakazwa na nani. Nimeandika hivyo tu, sijakuuliza.

Mdogo wako,
Chiriku.


12 Oktoba
Miaka miwili tangu niondoke

Mdogo wangu muuguzi,

Nimeliandika, umeliona. Kalamu haikukatika.

Salamu zangu, na za Sukari, ambaye amekata nywele tangu aliposikia umefaulu. Picha yako iko ukutani sasa. Asubuhi anaiamkia. Nimemkataza, hasikii.

Habari ya shati nilicheka mpaka msimamizi akapuliza filimbi. Baadaye nikiwa kitandani ukanijia wivu mwingine, sijawahi kuona mfano wake. Shati langu limeonana na mtahini, mimi sijaonana naye. Limesifiwa kwa elimu ambayo sina. Hata shati limefika mbali kuliko mwenye nalo. Na sifa ile ilikuwa yako. Nimeigeuza huku na huku nione kama naweza kubaki nayo, hainitoshi. Iko kifuani pako kama ile saa, anayeisoma ni wewe.

Hukuniuliza, nimeona. Umejifunza kwangu kuuliza bila kuuliza. Basi nami nakujibu bila kuulizwa.

Mawe nimeyapasua ya kutosha, na mgongo umeniambia hivyo kabla yako. Nimemuaga msimamizi. Alipuliza filimbi kidogo, nafikiri ni kwa huzuni. Nitakuja nijifunze kuzungusha bandeji. Utanifundisha kama mlivyofundishwa, tangu vidoleni, na nikikosea utaniambia nimekosea, mbele ya mama. Najua itanichoma. Nitakasirika, nitatoka nje, nitarudi. Usinifuate. Hata maji ya chumvi hakuna aliyenionyesha, safari hii nitakuwa na mwalimu, na mwalimu mwenyewe nilimbeba mgongoni.

Ukipangiwa mbali, acha gauni moja jeupe. Shati nitalivaa, kwa hiyo msumari utakuwa wazi, na mama lazima awe na kitu cha kutazama ninapomfunga. Atanieleza habari zako mpaka masikio yaniume. Gauni nitalifua kila Jumamosi. Siahidi kwamba nitalifua kwa furaha.

Mama usimwambie bado, akimwambia fundi litafika mtaa wa pili nikiwa bado njiani.

Nafika Jumamosi ya kwanza ya Desemba, asubuhi, dereva akinishusha njia panda. Najua ni siku ya kufunga. Usianze. Nawa mikono, kaa, nisubiri. Kigoda kitoe nje. Kisigino nitashika mimi.